Uzoefu wangu: Kijino kipya cha bastola ya marehemu baba, kazi ya Mwanjelwa

Bastola ya marehemu baba ilipoteza kijino chake cha mbele mwezi wa sita, baridi ikiwa imekolea. Kijino ni kile kipande kidogo cha chuma kinachosimama juu ya mdomo wa mtutu, unachokioanisha na kipengo cha nyuma, ule mkato mdogo ulio karibu na jicho lako, wakati wa kulenga. Wengine huita saiti ya mbele. Hiki changu kilishikwa na skrubu moja ndogo, na kutu iliila skrubu hiyo taratibu ndani ya mkoba wa ngozi bila mimi kujua. Huku Uyole, Mbeya, ukungu wa asubuhi unaingia hadi kabatini, na ngozi ikishanyonya unyevu haiuachii. Siku nilipoitoa niisafishe, kijino kikabaki mkobani, kimekatika nusu.

Nilikaa nacho kiganjani muda mrefu. Baba alikuwa karani wa malipo kwenye mashamba ya chai upande wa Rungwe, na bastola hii ndiyo aliyotembea nayo siku za mishahara. Alipofariki nilifuata taratibu zote polisi hadi leseni ikaja kwa jina langu. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi, nalala peke yangu na mauzo ya gulio. Silaha isiyolenga inaniogopesha kuliko kukaa bila silaha, kwa sababu huwezi kujua risasi itaishia wapi.

Ni rivolva ya Kiingereza aina ya Enfield No. 2, ya risasi sita. Ukibonyeza kitasa chake inakunjuka katikati na kusukuma nje maganda yote kwa mpigo mmoja. Zilianza kuundwa miaka ya 1930 na Waingereza wakapigana nazo Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo vipuri vyake havipo dukani Mbeya, na nilipouliza Dar nako niliambiwa hakuna. Lazima kitengenezwe.

Fundi wa kwanza simtaji. Ana kibali cha kutengeneza silaha, ila kazi yake ilinisikitisha. Kwanza alitaka kuchomelea kijino moja kwa moja kwenye mtutu. Nikakataa, maana moto wa kuchomelea ukiingia kwenye mtutu mwembamba ule unaweza kuupinda au kuulegeza chuma chake, na hapo huna tena bastola. Basi akakata kipande cha alumini, kwa macho yangu kilikuwa cha fremu ya dirisha, akakibandika kwa gundi ya chuma. Kiling'aa kama kijiko. Ukikiangalia juani huoni ncha yake iko wapi, unaona mng'ao tu. Baada ya siku nne kikang'oka nilipokuwa napangusa mafuta kwa kitambaa. Fedha yangu hakurudisha.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, naye ana kibali chake halali. Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo afande." Akaitikia, kisha kabla ya neno lolote akanyoosha mkono aone leseni. Akaisoma yote, akalinganisha namba na ile iliyochongwa kwenye chuma, halafu ndipo akafungua bastola na kuhakikisha matundu yote sita ni matupu. Akanipa na mimi nihakikishe. Kwangu mimi huyo alishapata alama nusu kabla hajashika tupa.

Yeye mwenyewe macho yamechoka kwa kazi ndogondogo, kwa hiyo kijino kinachongwa na kijana mmoja mwenye karakana Mwanjelwa. Niliulizia sana jambo hili, nikaridhika: bastola haiendi karakana. Mzee alisafisha ule mfereji wa kijino kwa petroli na mswaki, akaupima kwa kalipa upana, urefu na kina, kisha akakandamiza kipande cha sabuni ya mche juu yake. Sabuni ikatoka na umbo kamili, hadi alama ya tundu la skrubu. Nilipanda daladala na kipande cha sabuni, kijino kilichokatika, na karatasi yenye vipimo.

Skrubu ya zamani nayo ilikuwa na hadithi yake. Nusu ilibaki imekwama tunduni. Mzee aliidondoshea mafuta mepesi asubuhi na jioni kwa siku mbili, akaizungusha taratibu kwa ncha ya chuma mpaka ikatoka nzima. Alinieleza kwa nini hakutaka kutoboa tundu upya: hesi, yaani ile mizunguko ya meno, za skrubu za Kiingereza za enzi hizo hazilingani na hizi za milimita tunazonunua leo. Ukilazimisha skrubu ya leo unaharibu hesi za tundu lenyewe, na hizo hazirudi. Kijana akachonga skrubu mpya kwenye mashine ya lethi kwa kuiga ile ya zamani.

Sasa kijino chenyewe. Kijana alichukua tupa kuukuu iliyokwisha meno. Nilishangaa, maana tupa ni chuma kigumu kuliko vyote pale karakanani, utaichongaje kwa tupa nyingine? Akaniambia, "Mama, ngoja kesho." Akaizika kwenye jiko la mkaa, akapuliza mpaka ikawa nyekundu kama embe bivu, halafu akaitoa na kuifukia ndani ya ndoo ya majivu makavu, ipoe polepole usiku kucha. Chuma kikipoa ghafla kinakuwa kigumu na kuvunjika kama kigae, kikipoa polepole kinalainika. Asubuhi nilipofika ilikuwa imelainika kabisa, msumeno wa kawaida ukaikata bila kelele. Nilisimama pale saa nzima nikimtazama. Kila akipiga tupa mara tatu nne anapuliza vumbi la chuma, anachomeka kwenye ile sabuni, anatazama kwa jicho moja, anarudisha kwenye vaisi. Upande unaomtazama mlengaji akaukata wima, kisha akaukwaruza mistari myembamba ya kulala, mmoja juu ya mwingine, ili mwanga usiteleze juu yake. Mwisho akakishika kwa koleo juu ya moto mdogo. Kikageuka rangi ya majani makavu, kikaja zambarau, kikaja bluu ya kiza, hapo hapo akakitumbukiza kwenye mafuta machafu ya injini. Kilitoka cheusi, hakimeti hata kidogo.

Ila nilikiona kirefu. Nikalalamika, kwa sababu kilizidi kwa macho kile cha zamani. Kijana akasema mzee ndiye aliyeagiza hivyo, na mzee nilipomuuliza akanieleza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote.

Kijino kirefu kinashusha risasi, kifupi kinaipandisha. Ni kinyume cha unavyodhani. Kijino kikiwa kirefu, ili ncha yake ilingane na kipengo cha nyuma lazima uinamishe mdomo wa mtutu, kwa hiyo risasi inapiga chini. Na chuma unaweza kukipunguza, huwezi kukiongeza. Fundi akikuletea kijino kilichokwisha kuwa kifupi na risasi zinapiga juu, mnaanza upya. Akikuletea kirefu, kazi inamalizikia kiwanjani kwa tupa.

Akaongeza la pili. Bastola hii iliundiwa risasi yenye kichwa kizito, karibu gramu 13. Boksi ninalonunua mimi, limeandikwa .38 S&W, lina kichwa cha gramu tisa na nusu hivi. (Msichanganye na .38 Special, hiyo ni risasi nyingine kabisa, ndefu na nyembamba zaidi.) Risasi nyepesi inatoka haraka kabla mkono haujainuliwa sana na mshindo, kwa hiyo inapiga chini kuliko ile nzito. Maana yake hata kijino cha asili kisingenifaa sawasawa kwa risasi za leo. Nikakumbuka baba alikuwa akisema bastola yake "inapenda miguu". Sasa nilijua kwa nini.

Tulikwenda kiwanja cha shabaha nje ya mji, mzee akiwa ameomba ruhusa. Mita 10, karatasi nyeupe yenye duara, mikono yangu ikiwa juu ya gunia la mchanga ili kosa lisiwe la kwangu. Risasi tano za kwanza zilikaa pamoja vizuri, sentimita 12 chini ya duara na sentimita moja kushoto. Mzee alitoa kalamu. Umbali kutoka kijino hadi kipengo cha nyuma ni milimita 165. Unazidisha kosa kwa umbali huo, unagawa kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita: 120 mara 165, gawa kwa 10,000. Jibu ni karibu milimita mbili. Kwa bastola yangu, kwa umbali huo wa mita 10, kila nusu milimita ya tupa inapandisha risasi sentimita tatu.

Hakukata zote mbili. Alifungua skrubu, akakiweka kijino kwenye vaisi ndogo aliyokuja nayo, akapunguza milimita moja na nusu, akarudisha. Risasi zikapanda sentimita tisa, kama hesabu ilivyosema. Nilihisi furaha ya mtoto aliyepata hesabu ubaoni. Nusu iliyobaki aliimaliza kidogo kidogo, tukipiga risasi mbili mbili. Ule upotevu wa kushoto aliuondoa kwa kulaza tupa upande wa kulia wa kijino, theluthi ya milimita tu. Ukipunguza kulia, katikati ya kijino inahamia kushoto, na risasi inahamia kulia. Kijana alikuwa ameacha unene wa milimita tatu kwa makusudi, kwa hiyo hata baada ya kupunguzwa bado kinaonekana wazi ndani ya kipengo, na mwanga sawa kila upande.

Gharama: kijana alichukua shilingi 45,000 kwa kijino na skrubu, mzee shilingi 60,000 pamoja na siku ya kiwanjani. Risasi nilinunua mwenyewe. Kwa kazi ya namna hii sioni ghali, hasa nikilinganisha na fedha niliyopoteza kwenye alumini.

Lawama ninazo. Kijana aliahidi siku tatu, ikawa siku 11. Umeme ulikatika mara mbili, hilo si kosa lake, lakini hakupiga simu hata mara moja, na mimi nauli ya kutoka Uyole naitoa kila nikienda. Stakabadhi pia mpaka niliidai. Kazi nzuri kama yake inastahili kuandikwa kwenye karatasi, na mteja mwenye silaha anahitaji karatasi hiyo siku akiulizwa.

Anayetaka kupeleka bastola au bunduki ya zamani kwa fundi yeyote, muulize maswali mawili tu: je, kijino utakiacha kirefu? Je, utakuja nami kiwanjani? Akisema kijino kitatoka karakanani kimekamilika, chukua silaha yako uondoke.

Sasa bastola siilazi tena kwenye mkoba. Nimeifungia kwenye sanduku la chuma, imefungwa kitambaa chenye mafuta. Wiki iliyopita nilirudi Mwanjelwa nikamwomba kijana achonge kijino cha pili kutoka kipande kilichobaki cha ile tupa, kirefu vile vile, hakijapunguzwa. Kimo ndani ya kiberiti, pamoja na skrubu yake, karibu na nusu ya kile cha baba.