Chumba cha wageni Iringa wakati wa korona: kwa usiku au kwa mwezi?

Korona ilipoingia Tanzania Machi 2020, watalii wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha waliokuwa wakilala Iringa mjini walikatika.

Kupangisha kwa usiku kunalipa zaidi chumba kikijaa. Lakini kila mgeni akiondoka unafua mashuka, unafuta vitasa na swichi kwa dawa, unaacha madirisha wazi; na kwa mvua za Machi na Aprili, mashuka hayo hayakauki upesi.

Kwa mwezi bei inashuka, ila anayeingia ni mmoja: mtumishi aliyehamishwa, au mwanafunzi baada ya vyuo kufunguliwa Juni 1. Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, mpangaji anunue mwenyewe. Hilo mwandikiane mapema.

Mimi ningechagua mwezi. Ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena Mei 18, lakini watalii hawakurudi kwa wingi.