CTEK MXS 5.0: chaja ya kulilinda gari linalolazwa majira ya baridi

Gari likifungiwa gereji miezi minne ya theluji, kinachoua betri si baridi. Ni kukaa bila moto wa umeme, yaani chaji. Baridi yenyewe huipunguzia betri kasi ya kujimaliza: betri ya risasi na asidi iliyojaa, isiyofungwa kwenye kitu chochote, hupoteza takriban asilimia 3 hadi 5 ya moto wake kwa mwezi katika joto la kawaida la chumba, na pungufu ya hapo penye baridi. Mnyonyaji ni gari. Alamu, saa, kompyuta na kile kipokezi kinachosubiri ufunguo wa rimoti havilali hata ukizima kila kitu na kufunga milango. Mnyonyo wa miliampea 50, ambao mafundi wengi huuhesabu kuwa bado ni wa kawaida, ni sawa na ampea-saa (kipimo cha kiasi cha moto ambao betri hubeba) 1.2 kila siku. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imefika nusu baada ya siku 25.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Betri ikishuka chini ya volti 12.4 na kuachwa hivyo, salfeti ya risasi iliyoko kwenye sahani (vibao vya risasi vilivyo ndani ya betri) hugeuka kuwa chembe ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena, na kila wiki inayopita sehemu ya uwezo wa betri inakufa nazo. Halafu kuna kuganda. Asidi ya betri iliyojaa haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini betri iliyoisha kabisa, ambayo ndani yake karibu yote yamekuwa maji, huganda kwenye takriban nyuzi 8 tu chini ya sifuri. Barafu hutanuka, hupinda sahani, hupasua kasha. Betri iliyovimba au kupasuka kwa barafu usiichaji kamwe; itoe uipeleke kwa wanaokusanya betri mbovu.

MXS 5.0, inayotengenezwa na kampuni ya CTEK ya Sweden, imeundwa kwa kazi hiyo: unaifunga kwenye betri siku unapoliegesha gari, unaifungua siku unapolitoa. Ni ya volti 12, inatoa hadi ampea 5, inachaji betri za ampea-saa 1.2 hadi 110 na inaweza kutunza za hadi 160. Ina kinga ya IP65, maana yake vumbi na maji ya kurushiwa haviiharibu, kwa hiyo unyevu wa gereji si tatizo kwake.

Uzuri wake hauko kwenye hizo ampea 5. Uko kwenye kinachotokea baada ya betri kujaa. Chaja ya zamani ya ampea 2 isiyo na udhibiti huendelea kusukuma umeme hata betri ikishiba. Maji yanachemka na kupotea, sahani za chanya zinalika, na ifikapo mwisho wa baridi unakuta betri imekauka. MXS 5.0 inakwenda kwa hatua 8. Mbili za kwanza huijaribu na kuiamsha betri iliyolala kwa mapigo na umeme mdogo. Ya 3 inamimina umeme wote hadi kiasi cha asilimia 80, ya 4 inamalizia polepole kwenye volti 14.4. Hatua ya 5 inaacha kuchaji kwa muda na kuangalia kama betri inaushika moto iliopewa. Ikiporomoka, taa ya hitilafu inawaka. Ya 6 ni ya kufufua, nayo haifanyiki mpaka uichague mwenyewe. Ya 7 inaishikilia betri kwenye volti 13.6 kwa siku 10. Baada ya hapo inaingia ya 8, ambayo huiacha betri ipumzike na kuipa mapigo mafupi tu inapopungua, ikiiweka kati ya asilimia 95 na 100. Huko ndiko itakakokaa miezi yote, na huo ndio mtindo unaofaa: betri imejaa, lakini haichemshwi.

Jambo la pili tunalolipenda ni fidia ya joto. Betri baridi huhitaji volti kubwa zaidi ili ijae, karibu nusu volti zaidi kwenye nyuzi 0 kuliko kwenye nyuzi 25. Chaja isiyojua hilo itawasha taa ya kijani huku betri ikiwa na njaa. Hii hupima hewa inayoizunguka na kurekebisha yenyewe. Ila basi chaja na betri vikae sehemu moja. Ukiiweka chaja ndani ya nyumba yenye joto na kupitisha waya hadi gereji yenye barafu, fidia hiyo itakuwa ya uongo.

Kabla ya kuifunga, safisha. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali (vichwa vya betri vinapofungwa waya) hupitisha umeme kidogo kidogo na kuzuia mguso mzuri. Kijiko kikubwa kimoja cha magadi ya kuokea katika kikombe cha maji kinautoa, ukisugua kwa brashi na kukausha. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa wakati huo, kwa sababu magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Betri yenye vifuniko vya kufungua iangaliwe maji. Kama sahani zimeachwa wazi, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke mpaka zifunikwe tu, chaji kwanza, kisha ndipo ufikishe kwenye alama. Ukijaza hadi juu kabla ya kuchaji, asidi itapanda na kumwagika. Na ni maji tu, si asidi.

Kufunga: kibano chekundu kwenye chanya, kisha cheusi kwenye chuma kitupu cha bodi au injini, mbali na betri na mbali na bomba la mafuta, ndipo uchomeke kwenye soketi. Kufungua ni kinyume chake, soketi kwanza. Sababu ni gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri inayochajiwa. Cheche ya mwisho isitokee juu yake. Magari mengi ya sasa yana kihisi cha betri kwenye terminali ya hasi, na hilo ni sababu nyingine ya kufunga cheusi kwenye bodi: ukikipita kihisi hicho, kompyuta ya gari haitajua kwamba betri imejazwa. Kwenye boksi umo pia waya wenye pete wa kufungwa moja kwa moja kwenye boliti za terminali (gari likiwa na kihisi, pete ya hasi nayo iende kwenye bodi). Ukiufunga mara moja, baridi ijayo unachomeka plagi tu bila kuhangaika na vibano.

Programu yenye alama ya gari, ya volti 14.4, inatosha kwa betri nyingi za maji. Ile ya volti 14.7 ni ya betri nyingi za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Soma maandishi ya betri yako kwanza. Kufufua kunapanda hadi volti 15.8, na hapa tuna ushauri mkali kidogo: toa betri garini kwanza, na usitumie programu hii kwa betri ya jeli, ambayo asidi yake ni nzito kama uji. Ni dawa ya betri ya maji iliyoishiwa kabisa, ambayo asidi yake imejitenga ikatuama chini. Si kitu cha kufanya kila mwezi kwa kudhani unaipa nguvu. Kwa betri ya ampea-saa 60 iliyofika nusu, hesabu kama saa 6 za hatua ya 3 na 4 kwa pamoja, na mara nyingi zaidi, kwa sababu mwisho huwa wa polepole. Taa ya 4 ikiwaka, injini inaweza kuwashwa. Ikiwaka ya 7, imejaa.

Umeme ukikatika na kurudi, chaja inaendelea na programu ya mwisho bila kubonyezwa. Hilo ni jambo kubwa kwa gari ambalo hulitembelei wiki tatu. Wakati umeme haupo, chaja yenyewe hunyonya betri chini ya ampea-saa 1 kwa mwezi, kiasi ambacho hakiumizi.

Mapungufu yapo. Haionyeshi volti. Una taa tu, na mtu anayetaka kujua hali halisi lazima awe na mita yake. Betri iliyoshuka chini ya volti 2 haitaitambua, itakataa kuanza. Na haifai kwa betri za lithiamu. Hizo zina chaja zake. Kwa anayelaza gari moja dogo na betri yake ni nzima, ampea 5 ni nyingi kuliko anavyohitaji, maana kazi ya kutunza peke yake hata chaja ya ampea 1 huiweza. Tofauti utaiona siku betri ikiwa imeshuka na unataka iamke usiku mmoja.

Palipo hakuna soketi, chaja yoyote haina maana. Hapo itoe betri garini: fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Angalia mapema kama redio inadai namba ya siri, na kama betri iko kwenye buti lenye kufuli la umeme, usilifunge buti hilo baada ya kutoa waya, utajifungia nje. Peleka betri mahali pakavu penye ubaridi wa wastani. Sakafu ya saruji haiinyonyi, hofu hiyo inatokana na makasha ya zamani. Ya leo ni ya plastiki. Pima kila mwezi, na ikikaribia 12.4 ichaji. Kuwasha injini dakika 10 kila wiki tunakupinga kabisa: stata inachukua moto mwingi, alteneta kwenye mzunguko wa chini inarudisha kidogo, betri baridi inapokea kwa uvivu, na maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili.

Majira yakigeuka, chomoa chaja na uiache betri saa 12 kabla ya kupima, kwa kuwa volti za juujuu zinazobaki baada ya kuchaji hudanganya. Betri ya maji iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7, AGM 12.8 na kuendelea. Halafu weka mita kwenye terminali, mtu mwingine awashe injini. Kama hewa si ya baridi kali na mita inashuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, huku betri ilikuwa imejaa, seli zimechoka na betri hiyo ni ya kubadilisha.