Nguzo na Eddie Izzard: usikate tiketi kabla hujasoma hii

Jamani mimi si mtu wa kuandika malalamiko lakini ile nguzo imenitoa roho. Nguzo ya chuma, nene kama mnazi, imepakwa rangi ya dhahabu, imesimama kati ya macho yangu na Eddie Izzard shoo nzima, na nimeilipia pauni 40 bila kuhesabu ile ada ya huduma ambayo mpaka leo sijui nilihudumiwa nini.

Ilikuwa hapa London, miezi kadhaa imepita, mimi na binamu yangu. Izzard (siku hizi anaitwa Suzy pia) ni mchekeshaji wa Uingereza ila kazaliwa Aden, kule Yemen, mwaka 1962, na mie nilianza kumpenda kwa hiyo Aden tu, maana bibi yangu alikuwa akiitaja Aden kama sisi tunavyoitaja Dubai. Kaacha masomo ya uhasibu Sheffield akaenda kuchekesha wapita njia Covent Garden, mwaka 2000 kabeba Emmy 2, zile tuzo za televisheni za Marekani, kwa shoo moja, halafu akachekesha mpaka kwa Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Mie Kiingereza tu bado nacheka wenzangu wakishanyamaza.

Sasa safari hii hakuja na vichekesho, kaja na Hamlet, ile tamthilia ya Shakespeare ya mwana wa mfalme anayetokewa na mzimu wa baba yake, peke yake, wahusika 23 wote yeye. Anageuka, anapiga hatua mbili, keshakuwa mtu mwingine. Na hizo hatua mbili ndizo zinamwingiza nyuma ya nguzo! Kwa hiyo mimi nimemuona Hamlet akigombana na nguzo. Mzimu wa baba yake nimeusikia sauti tu, ambayo labda ndivyo inavyotakiwa, sijui.

Mapumziko nikamwendea mhudumu mwenye tochi, nikamwambia kwa adabu zote, samahani dada, pale mbele naona siti mbili tupu, tunaweza kusogea? Hakuniangalia hata usoni. Kachukua simu yangu, kaikuza tiketi kwa vidole viwili, kanionyesha mstari wa chini kabisa, herufi kama sisimizi, eti siti hii haioni jukwaa lote. "Si ulisoma?" Basi. Binamu akanivuta shati, "Kaka, twende tukakae." Zile siti mbili zilikaa tupu mpaka mwisho, najua kwa sababu niliziangalia kuliko jukwaa.

Nikaanza kumkasirikia na Izzard mwenyewe. Mtu kacheza filamu ya Ocean's Twelve, kautaka ubunge kupitia chama cha Labour wakampiga chini, 2009 kakimbia marathoni 43 ndani ya siku 51, 2016 kaenda Afrika Kusini kakimbia 27 kwa siku 27, moja kwa kila mwaka Mandela aliokaa jela, yaani huyu hatulii? Baki na vichekesho vyako bwana, simama katikati tukuone!

Halafu wakatokea wale marafiki wawili wanafiki wa Hamlet. Hao anawafanya kwa mikono, kila kiganja kinafunguka na kufumba kama mdomo wa bata. Na mikono ndiyo iliyochomoza pembeni ya nguzo, mwili haupo, viganja viwili tu vinapiga umbea hewani. Nilicheka mpaka machozi, binamu ananiuliza kuna nini, maana yeye upande wake alimuona mtu mzima na wala haikumchekesha hivyo.

Kwa hiyo sijui nisemeje. Ukumbi nyota moja, na hiyo ni ya vyoo, vilikuwa visafi. Izzard nilitaka kumpa tatu, nampa tano, au nne, ile nusu iliyofichwa siwezi kuisemea. Niliwaandikia waliouza tiketi, wakanijibu baada ya wiki kibao na kuponi ya punguzo kwa shoo nyingine ukumbi uleule. Kama kuna mtu anajua siti ya pale isiyo na nguzo aniambie, kuponi inakaribia kuisha muda.