Shantiniketan: mji nimeupenda, gesti siisamehi

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote. Ukiwa na pasipoti isiyo ya India, usilipie chumba Shantiniketan mpaka wenye nyumba wakujibu kwa maandishi kwamba wanapokea wageni wa nje. Picha za maua na bembea zisikudanganye. Usilipie.

Zimepita wiki kadhaa na bado nikikumbuka damu inachemka. Kwa hiyo nikizidisha mahali, mjue sababu.

Mama mdogo alikuja kunitembelea huku India ninakosoma, majira ya baridi. Ni mwalimu mstaafu, maisha yake yote amefundisha darasa la kwanza na la pili. Shule yake ya mwisho huko Korogwe iliezuliwa na upepo, akafundisha kwa muda mrefu chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, mvua ikija watoto wanakimbilia nyumba ya jirani. Nilipomwambia kuna mji mdogo Bengali Magharibi ambako kufundisha chini ya miembe si shida iliyowakuta bali ndivyo walivyoamua wenyewe tangu 1901, aliweka kikombe chini. Akasema, "Mwanangu, Taj Mahal nitaiona kwenye picha. Hapo nipeleke."

Basi tukapanda treni Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Kolkata, kuelekea kaskazini hadi stesheni ya Bolpur. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Njiani akaingia mwimbaji wa Kibaul, wale waimbaji watembezi wa Bengali, kanzu ya rangi ya machungwa, mkononi zeze la uzi mmoja wanaloliita ektara, akaimba huku macho kayafumba. Mama mdogo akampa hela, kisha akampa na nusu ya maandazi yetu. Mpaka hapo safari ilikuwa tamu.

Gesti ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa msitu wa Sonajhuri. Nilikuwa nimeshalipa chumba chote kwa simu, uthibitisho ninao, jina langu limeandikwa sawasawa. Meneja, kijana wa shati lililonyooka kwa pasi, alitukaribisha kwa tabasamu mpaka nilipoweka pasipoti mezani. Hakuzishika. Alichukua kalamu, akazisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka zikarudi upande wangu, kama anaondoa mdudu kwenye sahani.

"Wageni wa nje hawaruhusiwi."

Nikamwambia nimeshalipa. Akasema nikadai kwenye programu niliyolipia. Nikamwambia kwenye tangazo lao hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Akaanza kuangalia simu yake. Mama mdogo, ambaye Kiingereza chake si cha kubishania na mtu, akaniuliza anasemaje. Nikamwambia hataki kutupokea. Akanitazama, miguu imemvimba kwa kukaa kwenye treni, akauliza, "Kwani tumemkosea nini?"

Hilo swali ndilo linaloniandikisha haya.

Ukutani nyuma ya kijana yule ilitundikwa picha kubwa ya Rabindranath Tagore, ndevu nyeupe mpaka kifuani, imevishwa shada la maua ya njano. Huyu ndiye mshairi aliyepata Nobeli ya Fasihi mwaka 1913, Mwasia wa kwanza kuipata, na chuo alichokianzisha hapo 1921, Visva-Bharati, kina kaulimbiu ya Kisanskriti inayosema ni mahali ambapo dunia nzima inakuwa kiota kimoja. Kiota kimoja! Unamvisha maua mwenye maneno hayo, halafu chini ya picha yake unamwacha mama wa watu amesimama na begi, hata kiti humpi, hata maji. Na kibarazani alikuwa amekaa mzungu na chai yake. Nilipouliza, kijana akasema huyo yuko na rafiki yake Mhindi. Inawezekana ni kweli. Sikuona rafiki.

Sasa sheria yenyewe, maana niliifuatilia. India inamtaka kila anayelaza mgeni wa nje apeleke taarifa zake kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24. Wengi wanaijua kwa jina la Fomu C, na inajazwa mtandaoni. Gesti nyingi ndogo hazijajiandikisha kwenye mfumo huo, au zimejiandikisha na hazitaki usumbufu, kwa hiyo njia rahisi ni kumfukuza mgeni. Kwa nyumba isiyojiandikisha naweza kuelewa, mtu anaogopa polisi. Lakini hofu ya polisi haikufundishi kusukuma pasipoti ya mtu kwa kalamu. Na kama hutaki wageni wa nje, andika kwenye tangazo kabla hujachukua hela yao.

Aliyetuokoa ni dereva. Kule bajaji za betri wanaziita toto, na yetu ilikuwa haijageuza. Dereva alisikia yote kutoka mlangoni. Alipakia begi la mama mdogo bila kuulizwa, akapiga simu, akapiga nyingine, akatuzungusha kwenye vichochoro vya udongo mwekundu mpaka kwa bibi mmoja mjane anayelaza wageni nyumbani kwake. Bibi alivaa miwani, akapiga picha pasipoti na viza, akajaza ile fomu kwenye simu yake huku maji ya chai yanachemka. Fomu ilikwisha kabla ya chai. Ile fomu tuliyofukuzwa kwa ajili yake! Dereva akadai nauli ileile ya mwanzo tuliyopatana stesheni. Nilipomwongezea alikataa, mpaka mama mdogo alipomkaripia kiualimu ndipo akapokea.

Usiku ule nilikuwa nimeamua asubuhi tunarudi Kolkata. Nilishaandika kichwani maoni ya nyota moja kwa mji mzima. Mama mdogo akasema hakuja kumwona meneja.

Tukaenda. Na hapa ndipo hukumu yangu inaponishinda.

Wakati wa masomo wageni hawaingii uwanja wa shule, na ni haki, watoto si maonyesho. Tulisimama barabarani, ng'ambo ya uzio. Chini ya miembe watoto wamekaa duara kwenye mikeka yao midogo, mwalimu katikati ya mduara ule, daftari magotini, jani likidondoka linaangukia daftari na mtoto analipangusa anaendelea kuandika. Mama mdogo alishika uzio kwa mikono miwili. Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini, kitaalamu kabisa: ona anavyowaweka, hakuna wa nyuma, mtoto mzito hana pa kujificha. Akasema yeye aliwapanga mistari kwa sababu mkaguzi alitaka mistari. Nilimwambia Tagore mwenyewe aliteswa na shule za kuta nne utotoni akazikimbia, na kwamba hii aliianza na watoto watano, mmoja wao mwanawe. Akasema watano wanatosha kuanza.

Tukasimama mbele ya nyumba ya sala ya vioo vya rangi, ya mwaka 1891. Haina sanamu wala picha ndani. Baba yake Rabindranath, Debendranath, ndiye aliyepaanzisha pale kama mahali pa kutulia na kusali mwaka 1863, nchi ikiwa tupu na miti michache. Sala ni Jumatano asubuhi, na kwa sababu hiyo Jumatano ndiyo siku yao ya mapumziko. Ukienda Jumatano utakuta makumbusho yamefungwa. Wengi hawalijui hilo, wanafika kutoka mbali wanakuta geti.

Uttarayan, mahali zilipo nyumba za Rabindranath, tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mzee alikuwa hatulii nyumba moja, amejenga kadhaa ndani ya ua mmoja. Niliyoipenda ni Shyamali, ya udongo, kuta zake zimechongwa watu na wanyama kwa nje. Gandhi alilala humo. Medali ya Nobeli usiitafute: iliibwa hapo 2004 na haijapatikana, unaona nakala. Mama mdogo aliumia kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuumia kwa medali ya mtu mwingine.

Lakini kama una saa moja tu, ipeleke Kala Bhavana, shule ya sanaa, ukaone kazi za mchongaji Ramkinkar Baij. Sanamu yake ya Familia ya Kisantali, ya 1938, imesimama nje, haikuwekwa kwenye chumba cha watu waliolipa. Baba amebeba mzega begani, kwenye kikapu kimoja mtoto. Mama yuko ubavuni na mzigo kichwani na mtoto mwingine. Mbwa anafuata. Hakutumia marumaru wala shaba, alitumia saruji na changarawe za ule udongo mwekundu wa palepale, na ukisogea karibu unaziona changarawe kwenye shingo ya yule mama, zimejitokeza, ukigusa zinakwaruza. Wasantali ni wenyeji wa nchi ile, watu wa vibarua, na Baij akawafanya wakubwa kuliko sisi tunaowatazama. Wanahama, wamebeba kila walichonacho. Nilikuwa nimetoka kufukuzwa na begi mkononi. Nililia, na sioni haya kusema.

Soko la Sonajhuri, msituni, halikunifurahisha sana. Lilikuwa la Jumamosi tu, sasa ni karibu kila siku, magari mpaka kwenye mizizi ya miti, spika zinashindana na Wabaul. Mikoba ya ngozi iliyotiwa rangi ni mizuri, na sari za ushonaji wa kantha, sindano juu ya sindano, ni kazi ya miezi. Usimpunguzie bei mama aliyeishona. Kula luchi za moto, vile vikate vyembamba vya kukaangwa. Na wakati wa baridi tafuta sukari guru ya mtende, mpya, bado ina harufu ya moshi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilianza na moja. Jioni ya Kala Bhavana ningetoa tano na kuazima nyingine. Sasa ninapoandika nimerudi kwenye nne, kisha nakumbuka kalamu na sijui kama nne ni haki kwa mji ambao gesti ya namna ile inafanya kazi mchana kweupe na picha ya Tagore ukutani. Halafu nakumbuka dereva na bibi mwenye miwani, nao ni watu wa mji uleule. Basi nne, ibaki nne.

Mama mdogo ameshanipigia kutoka nyumbani, anataka turudi Desemba kwa ajili ya Poush Mela, maonyesho yao makubwa ya mwaka, na anataka tulale kwa bibi yuleyule. Nitampeleka. Wale wengine sijawasamehe. Programu ya malipo inasema gesti ndiyo yenye hela, gesti inasema programu ndiyo yenye hela, na mimi hela yangu naidai kwa wote wawili mpaka irudi.