TAHADHARI: "Injini mpya" za trekta ndogo zinazouzwa Nakuru

Wakulima wa Njoro, Rongai, Bahati na Subukia, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa wawili wanaozunguka na pikapu wakijiita wataalamu wa injini za trekta ndogo, hasa zile za kulimia zinazoshikwa kwa mikono. Wanatangaza Facebook, kisha wanakufuata hadi shambani. Ukaguzi ni bure, na hapo ndipo gharama inapoanzia. Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Njoro, na mashine walizouza zinaishia kwangu.

Mchezo wao uko hivi. Mmoja anavuta kamba ya kuwashia, inakuja kirahisi, anatikisa kichwa: "Haina kompresheni, hii imekufa," yaani silinda haibani hewa tena. Mwenzake anamwaga oili kwenye beseni waliyokuja nayo wenyewe, na chini yake vinaonekana vipande vya chuma vinavyong'aa. Mwenye mashine akiviona, moyo unamwishia. Hapo hapo anatajiwa bei ya injini "mpya" ya hospawa 13, na ile ya zamani wanaibeba kwa elfu tatu kama skrapu. Wanapenda sana kuja Februari na Machi, mtu akiwa na haraka ya kulima kabla ya masika.

Mama mmoja wa Bahati alivikusanya vile vipande kwenye karatasi akaniletea. Vimejikunja kama nywele za kipilipili. Hayo ni mabaki ya mashine ya kuchongea vyuma. Injini inayosagika ndani hutoa unga laini unaoipa oili rangi ya fedha, si vipande vya kujikunja. Vilikuwa ndani ya beseni kabla oili haijamwagwa.

Na ile kamba? Injini nyingi za aina hii zina kifaa kwenye kemshafti (shafti inayoendesha valvu) kinachofungua valvu ya eksozi kidogo unapovuta, ili kamba isikushinde. Kamba kuwa nyepesi si ushahidi wa kifo. Kipimo cha haki kiko kwa fundi yeyote wa pancha: pistoni ikae juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, shafti ishikiliwe imara, hewa ya kompresa iingizwe kwenye tundu la plagi, kisha usikilize. Ikitokea kwenye eksozi au kabureta, shida ni valvu. Ikivuma kwenye tundu la kutilia oili, ringi za pistoni au silinda zimelika. Ikipenya ubavuni mwa hedi (kifuniko cha silinda), ni gasketi tu.

Sasa hiyo injini wanayoleta. Rangi imepakwa hadi juu ya bolti, na stika inasema 13. Futa rangi usome namba iliyo kwenye bloku. Kwa injini za Kichina, 188F ni silinda moja yenye upana wa milimita 88, na hiyo ndiyo ya hospawa 13. Hizi ninazoletewa ni 170F, milimita 70, yaani karibu hospawa 7. Hata oili inawaumbua: ya 13 humeza lita 1.1, hii inajaa kwa lita 0.6. Shafti yake nayo ni nyembamba, kwa hiyo wamechonga bushi (pete ya chuma ya kujazia nafasi) ili puli ya zamani ikae. Ukiona bushi ya kuchongwa hivyo kwenye puli, usiulize tena.

Mzee mmoja wa Rongai alinunua, lakini akakataa katakata kuwapa injini yake ya zamani, kwa sababu aliinunua na marehemu kaka yake. Nilipoifungua nilikuta gasketi ya hedi imeungua na kabureta imeziba kwa petroli iliyolala. Spea na kazi havikufika elfu tano. Analima nayo, na ile "mpya" iko stoo.

Sisemi kila injini nzee itengenezwe. Rodi ikikatika na kutoboa bloku, nunua nyingine. Silinda ikiwa imelika kwa vumbi (na vumbi letu hili la volkano linakula ringi vibaya mno mtu asiposafisha filta), uliza kwanza kama pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50 zinapatikana. Zikikosekana, au krankshafti nayo ikiwa imechakaa, hesabu spea na kazi. Mimi zikipita nusu ya bei ya injini mpya ya kuaminika, humwambia mteja aache. Ila uamuzi huo usitoke kwa mtu aliyepakia injini ya kuuza kwenye pikapu.

Dalili nyingine: malipo ya M-Pesa yanaenda kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea si alilokutajia. Risiti ni ya mkono, hakuna ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA.

Kwa waliokwisha kuuziwa: msiibadilishe wala kuifungua injini hiyo kabla ya kupiga picha namba ya bloku, stika, na ile bushi. Hifadhi meseji za M-Pesa na tangazo lenyewe kabla hawajalifuta. Nakuru kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mama wa Bahati ameshaanza kuandaa karatasi zake. Akihitaji fundi wa kueleza kilichomo ndani ya ile injini, nitaenda.