Huduma ya kutoa usaha wa bandama kwa mrija: tuliyoyaona wodini

Nilikaa siku 12 na mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 13 anayeishi na selimundu, katika hospitali ya rufaa ambako alitolewa usaha wa jipu la bandama bila kupasuliwa tumbo. Naisifu huduma hiyo kwa dhati. Alifika na homa ya wiki mbili na maumivu chini ya mbavu za kushoto yaliyopanda hadi begani. Zahanati tuliyoanzia ilimpa dawa za malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea.

Daktari wa tiba radiolojia, yaani anayetibu kwa kuongozwa na picha za ndani ya mwili, alitueleza kwa subira kwamba seli zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya bandama, sehemu iliyokosa damu hufa, na bakteria waliomo katika damu, kwa wagonjwa kama yeye mara nyingi salmonela, huzaliana hapo. Kwa wengine chanzo huwa maambukizi ya vali za moyo, kifua kikuu au jeraha la tumbo. Nilichokithamini zaidi ni kwamba hakutuficha lolote: mrija hufaa zaidi jipu likiwa moja, lenye usaha mwepesi na lisilogawanyika vyumba, bandama huvuja damu kwa urahisi, na mrija ukishindwa, hulazimu kuliondoa bandama lenyewe, hali inayompunguzia mgonjwa kinga dhidi ya bakteria hatari, hasa pneumokokasi, hata akichanjwa.

Shughuli yenyewe haikufika saa moja. Alichomwa ganzi, akapewa dawa ya kumtuliza, na ultrasaundi ikaongoza sindano hadi kwenye jipu, kisha mrija mwembamba ukapitishwa. Zilitoka mililita 180 za usaha, na sehemu yake ikapelekwa maabara ili antibayotiki ichaguliwe kulingana na bakteria waliopatikana. Homa ilishuka siku ya tatu.

Kasoro moja ilinihuzunisha. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na muuguzi aliyefundishwa kusafisha mrija kwa maji ya chumvi, nao ukaziba. Tungesubiri hadi Jumatatu, usaha ungejikusanya upya. Dada yangu alimpigia daktari simu, naye akaja mwenyewe usiku ule akauzibua. Uongozi uwafundishe wauguzi wa zamu zote, na bei ya mrija iandikwe katika makadirio ya awali, kwa maana sisi tuliijua siku ya kulipa.

Mrija ulitolewa siku ya tisa tangu uwekwe, baada ya picha kuonyesha kuwa tundu la jipu limesinyaa.