Wiki 10 za uigizaji kwa profesa ambaye bado anapanda jukwaani

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Shuleni nilikabidhiwa klabu ya maigizo kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyoosha mkono, na kwa miaka 3 nimekuwa nikiwaambia watoto "ongeza hisia" bila kujua ninawaomba nini hasa. Ndiyo maana nikajiandikisha katika kozi hii ya jioni ya uigizaji na uongozaji: wiki 10, vipindi viwili kwa wiki.

Anayefundisha ni profesa wa sanaa za maonyesho chuo kikuu. Mchana ana wanafunzi wake wa shahada, kila mwaka huongoza mchezo wao mmoja, na juu ya hayo bado hukubali nafasi katika michezo inayoongozwa na wengine. Hili la mwisho ndilo lililonifaa kuliko yote. Wiki ya 4 alikuja na skripti yake mwenyewe, imejaa alama za penseli, akatuomba tumfuatilizie mistari kwenye skripti akiisema kwa kichwa, maana onyesho lilikuwa limekaribia. Akakwama mahali palepale mara 3. Hakuona haya. Alisema maneno yanamponyoka kwa sababu bado hajajua mhusika wake anamfanyia nini yule anayezungumza naye, akaanza kutafuta mbele yetu: "Ninambembeleza? Hapana. Ninamtisha? Hapana. Ninamchelewesha, asiondoke." Alipoirudia sehemu ile, maneno yakaja yenyewe, na hata miguu yake ikasogea upande wa mlango. Tangu siku hiyo simwambii mtoto awe na huzuni. Namuuliza anamfanyia nini mwenzake, na lazima anijibu kwa kitenzi.

Nadharia aliitoa kidogo kidogo, kila moja ilipohitajika. Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi, kwa mfano, alituletea kwa kisa. Mwaka 1906, miaka 8 tangu aanzishe Jumba la Sanaa la Moscow pamoja na mwandishi wa michezo Nemirovich-Danchenko, mwigizaji huyo aliyekwisha kuwa na jina kubwa aliona kwamba uigizaji wake umekufa ndani, mwili unarudia tu ishara za zamani. Alikwenda kupumzika Finland akiwa na mashaka hayo, na maswali aliyojiuliza huko ndiyo yaliyomwanzishia mfumo wa uigizaji unaofundishwa hadi leo. Nilikaa na kisa hicho siku kadhaa. Kumbe chimbuko la mfumo huo ni mtu mzima, mwenye sifa zote, aliyekubali kwamba kazi yake imemshinda.

Kasoro zipo. Tulikuwa 26, wengi mno kwa ukumbi ule unaorudisha mwangwi, na wenye haya walimaliza kipindi kizima bila kusimama. Zoezi la Augusto Boal, mwongozaji wa Brazil, lile ambalo mtazamaji anasimamisha igizo na kuchukua nafasi ya mhusika, lilipewa dakika 20 tu, hata halijachemka tukaambiwa muda umekwisha. Uongozaji nao ulisukumwa wiki mbili za mwisho. Kwa anayekuja kwa ajili ya kuongoza, kama mimi, hiyo ni njaa.

Hata hivyo, zamu yangu moja ya kuongoza sijaisahau. Nilikuwa na onyesho la dakika 5, watu wawili, na kila walipokosea nilipanda kuwaonyesha namna ya kusema. Profesa aliniacha nifanye hivyo mara kadhaa, kisha akaja akanishika bega, akanipeleka safu ya nyuma kabisa. "Kaa hapa, na usiwaigizie." Nikakaa. Ndipo nilipogundua kwamba nusu ya mistari haifiki nyuma, na kwamba yule dada niliyekuwa nikimsahihisha kila mara alikuwa akigeuka pembeni kwa sababu mimi ndiye niliyesimama pale pembeni. Nilipoondoka, alimtazama mwenzake.

Awamu ijayo ni ya uongozaji peke yake. Nimeshajiandikisha.